Mbawakawa wa maboga: matundu kwenye jani ni nusu tu ya uharibifu

Mkulima anakuta majani ya matango yametobolewa, na juu yake wametanda wadudu wadogo wa rangi ya chungwa. Anapiga dawa, wadudu wanatoweka, anaona kazi imekwisha. Wiki tatu baadaye mimea ileile inaanza kulegea jua likiwaka, shina moja hapa, jingine pale, na kwenye majani hakuna mdudu hata mmoja. Hapo mabishano huanza. Huyu atasema ni ukame, yule atasema mbegu ilikuwa mbovu, mwingine ataapa kwamba dawa ilikuwa feki.

Mara nyingi hakuna kati yao aliye sahihi. Aliyetoboa majani ndiye anayekata mizizi, ila sasa yuko ardhini na ana umbo ambalo wakulima wengi hawajawahi kuliona. Ni mdudu mmoja mwenye maisha mawili: utu uzima juani, utoto gizani. Asiyejua hilo atapigana naye msimu mzima kwenye majani na kumwachia mizizi yote.

Ni mdudu gani hasa?

Mbawakawa ni wadudu ambao mabawa yao ya mbele yamekuwa magamba magumu yanayofunika mgongo. Mabawa ya kurukia ni laini, nayo hukunjwa chini ya magamba hayo. Ndani ya kundi hilo kubwa kuna familia iitwayo Chrysomelidae, yaani mbawakawa wa majani, yenye spishi zaidi ya 30,000 duniani. Karibu wote hula mimea iliyo hai, na wengi wao ni wachaguzi sana. Spishi moja hujifunga kwenye jamii moja ya mimea, na nyingine haiigusi hata ikiwa na njaa. Uchaguzi huo ndio udhaifu wao mkubwa, na tutauhitaji tutakapofika kwenye namna ya kupambana nao.

Tunayemzungumzia hapa kitaalamu huitwa *Aulacophora foveicollis*, mbawakawa mwekundu wa maboga. Anapatikana Afrika, Asia na kusini mwa Ulaya. Mdudu mzima ana urefu wa milimita 6 hadi 8. Mgongo wake una rangi ya chungwa inayoelekea wekundu na unang'aa, ilhali upande wa tumbo ni mweusi. Vipapasio vyake ni vyembamba na virefu. Chakula chake ni mazao ya jamii ya maboga: maboga yenyewe, matango, matikiti maji, mamumunya na ndugu zao.

Watu wengi humchanganya na mdudu kibibi, yule mwekundu mwenye madoa meusi, na kwa kosa hilo huua rafiki yao. Mdudu kibibi wa kawaida hali majani. Hula vidukari na wadudu wengine wadogo wanaofyonza utomvu, na shamba lenye vibibi wengi lina ulinzi wa bure. Kuwatofautisha si vigumu. Kibibi ana mwili wa mviringo uliobinuka, na vipapasio vyake ni vifupi kiasi kwamba huvioni kwa urahisi. Mbawakawa wa maboga ni mrefu kuliko alivyo mpana, hana madoa, na ukimkaribia jua likiwa limepanda huruka haraka.

Kuna jambo moja linalotatiza. Ukoo wa vibibi una wachache walioasi na kuwa wala majani, wa jenasi *Epilachna*. Hao wana madoa mengi na mwili wenye vinyweleo vifupi usiong'aa sana, na watoto wao wa rangi ya manjano wenye miiba yenye matawi huonekana waziwazi upande wa chini wa jani. Ukiona miiba hiyo, huyo si mbawakawa wa maboga. Watoto wa mbawakawa wa maboga hutawaona kwenye jani kamwe.

Utoto ardhini

Mdudu huyu hupitia hatua nne: yai, lava, pupa na mdudu mzima. Lava ni mtoto aliyetoka kwenye yai, mwenye umbo la funza. Pupa ni hatua ya mapumziko ambamo umbo la funza hugeuka kuwa mdudu mwenye mabawa. Mpaka hapa hatofautiani na kipepeo. Tofauti iko mahali zinapopitiwa hatua hizo, kwa sababu tatu za kwanza zote hupita ndani ya udongo.

Jike hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu karibu na shina la mmea, machache kwa wakati mmoja. Katika maisha yake anaweza kutaga mayai yapatayo 300. Unyevu ni sharti, kwa kuwa yai likikauka halianguliwi, na ndiyo sababu shina lililomwagiliwa vizuri humvutia jike kuliko kipande kikavu cha shamba. Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 15, kutegemea joto.

Lava anayetoka ni mweupe kama maziwa, mwembamba, mwenye kichwa cha kahawia, na akikomaa hufikia urefu wa milimita 10 hadi 12. Huanza na mizizi midogo, kisha hutoboa mizizi mikubwa na sehemu ya shina iliyo chini ya udongo. Tunda likiwa limelala ardhini, hulitoboa kutoka upande wa chini na kuingia ndani. Kazi hiyo humchukua wiki mbili hadi tatu au zaidi kidogo. Kisha hushuka chini zaidi, hujitengenezea kijumba cha udongo, na huko hugeuka kuwa pupa kwa wiki moja hadi mbili. Baada ya hapo anapanda juu akiwa mdudu mzima, na moja kwa moja anatafuta jani.

Mzunguko wote huchukua mwezi mmoja hadi miwili. Penye joto la kutosha mwaka mzima hupatikana vizazi kadhaa kwa mwaka, na vizazi hivyo hupishana: wakati baadhi wanataga, wengine ni lava, wengine ni pupa. Hii ndiyo sababu dawa ya majani, hata ikiwa bora na imepigwa sawasawa, haiwezi kuwamaliza. Siku unayopiga, sehemu kubwa ya kundi iko mahali ambapo dawa haifiki. Waliokuwa kwenye majani wanakufa, na siku chache baadaye wanapanda waliokuwa wakisubiri chini. Mkulima akiwaona hao wapya, hulaumu dawa.

Ndugu zake kadhaa wana mpangilio wa namna hiyo. Mbawakawa wa jenasi *Ootheca*, wanaoshambulia kunde na maharage barani Afrika, hutaga kwenye udongo, na lava wao hula mizizi. Wanapokomaa hawatoki mara moja. Hubaki ardhini kipindi chote cha kiangazi wakiwa wamelala, na mvua za kwanza zinapolowesha udongo ndipo hutoka kwa wingi, wakati uleule maharage yanapochipua. Wengi wanaowaona wakijaa ghafla husema wameletwa na mvua au upepo. Ukweli ni kwamba walikuwa shambani humo humo tangu msimu uliopita, na mvua imewaamsha tu.

Kwa nini anapenda kilicho kichungu

Hapa kuna jambo ambalo binafsi naliona la ajabu kuliko yote kuhusu mdudu huyu. Mimea ya jamii ya maboga hutengeneza kemikali ziitwazo kukabitasini, miongoni mwa vitu vichungu kuliko vyote vinavyojulikana katika mimea. Ulimi wa binadamu huzitambua hata zikiwa kidogo mno. Ni silaha, kwani wanyama na wadudu walio wengi wakionja hutema, na wakila kwa wingi huugua. Mimea ya porini ya jamii hii imejaa uchungu huo hadi kwenye tunda. Aina tunazolima zimechaguliwa kwa vizazi vingi ili tunda lisiwe chungu, lakini uchungu mara nyingi umebaki kwenye mizizi, majani na miche.

Mbawakawa hawa wameigeuza silaha hiyo kuwa mwaliko. Kukabitasini haiwafukuzi bali huwaamsha hamu ya kula. Tena huihifadhi mwilini mwao, na kwa njia hiyo wao wenyewe huwa wachungu kwa ndege na wawindaji wengine. Rangi yao kali ya chungwa ni tangazo la uchungu huo.

Kwa hiyo wazo kwamba mmea mchungu hauliwi na wadudu si la kutegemewa hapa. Mwaka 1971 utafiti uliofanywa Marekani juu ya matango ulionyesha jambo hili kwa namna ya kupendeza. Matango yenye jeni la uchungu yalishambuliwa sana na mbawakawa wa matango wa huko, ambao ni jamaa wa karibu wa huyu wetu, ilhali yasiyo na uchungu waliyaacha. Lakini yale yasiyo na uchungu ndiyo yaliyoshambuliwa zaidi na utitiri. Mmea hauwezi kuwazuia maadui wote kwa silaha moja.

Wala si kila uchungu ni sawa. Karela, naye wa jamii ya maboga, ni mchungu kuliko tango lolote la shambani, lakini mbawakawa mwekundu wa maboga hampendi. Uchungu wake unatokana na kemikali nyingine za jamii hiyo, na baadhi yake zimethibitika kumzuia mdudu huyu asile. Mwenye shamba linaloshambuliwa kila mwaka anaweza kulitumia hilo anapochagua zao la kupanda.

Hata namna yake ya kula ina hila. Mara nyingi hatafuni popote anapotua. Kwanza hukata mfereji wa duara kwenye jani, kisha hula ndani ya duara hilo. Mimea ya jamii hii ina utomvu unaonata ambao hukimbilia kwenye jeraha na kugandisha mdomo wa anayeuma. Mfereji ule huukatia utomvu njia, na kipande cha ndani kinabaki bila ulinzi. Kwa hiyo ukiona majani ya boga yana matundu ya duara, au miduara iliyokauka katikati ambayo haijatoboka, umeshaiona alama yake. Kiwavi hula kwa kufuata ukingo wa jani na huacha kinyesi chenye punje nyeusi. Konokono huacha utelezi uliokauka. Mbawakawa haachi utelezi.

Lini matundu ni hatari, na lini si kitu

Ukiuliza ni matundu mangapi yanatosha kumtia mkulima hasara, jibu linategemea umri wa mmea kuliko idadi ya matundu.

Mbegu ya boga inapochipua, hutoa majani mawili manene ya kwanza yaitwayo kotiledoni. Majani hayo ni masurufu ambayo mbegu imempa mche kwa safari ya kutoka ardhini hadi kupata majani yake halisi na kujitegemea. Mbawakawa wanayapenda mno, kwa kuwa ni laini na mara nyingi yamejaa uchungu wanaoutafuta. Wadudu wachache wakiyamaliza katika siku moja mbili, mche hauna akiba nyingine. Unakufa, au unabaki umedumaa wakati wenzake wameshatambaa. Wakiuma kijicho kilicho katikati ya kotiledoni, mahali majani mapya yanapotokea, mche huo umekwisha hata kama kotiledoni zenyewe zimepona. Shamba zima linaweza kulazimika kupandwa upya kwa sababu ya siku chache za mwanzo.

Mmea ukishakuwa na majani manne matano halisi, hali hubadilika. Boga lililotambaa lina majani mapana mengi, na linaweza kupoteza sehemu ya majani hayo bila mavuno kupungua kwa kiwango cha kuonekana. Huchipua mengine, na yaliyobaki huongeza kazi. Mimea mingi ya mboga iko hivyo. Inasikitisha kumwona mtu akitumia fedha na sumu kwa ajili ya matundu ya boga lenye mita tatu za utambazi, wakati wiki sita kabla hakuchungulia miche hata mara moja.

Mdudu mzima pia hula maua, akitafuna petali na sehemu za ndani. Ua la kike likiharibiwa halizai. Ila kwa uzoefu wa mashamba mengi, hasara ya maua inayotokana na mdudu mwenyewe ni ndogo kuliko ile inayotokana na dawa iliyopigwa kumfukuza. Nitaeleza hilo punde.

Madhara ya mizizi ndiyo yanayopotosha watu zaidi. Mmea wa jamii ya maboga wenye mizizi iliyotobolewa hulegea mchana na kujinyanyua jioni, kisha siku moja haujinyanyui tena. Matundu ya lava ni mlango wa kuvu na bakteria wa udongo, kwa hiyo ukiung'oa mmea huo unaweza kukuta mizizi imeoza na harufu mbaya, ukadhani ugonjwa ulianza wenyewe. Matunda yaliyolala ardhini huonekana mazima kwa juu, lakini ukiyageuza unakuta kitundu na uozo ulioanzia hapo.

Si kila kulegea kunatokana na lava. Majani mapana ya boga hulegea kidogo kwenye jua kali hata udongo ukiwa na maji ya kutosha, na hilo ni la kawaida. Ukitaka kujua, toa ushahidi ardhini. Chukua mmea mmoja uliodhoofika, uchimbe na udongo wake badala ya kuuvuta, uweke kwenye ndoo ya maji na kuusuuza polepole. Tazama mizizi na sehemu nyeupe ya shina. Mifereji, matundu na funza weupe wenye kichwa cha kahawia ni ushahidi wa kutosha. Mizizi ikiwa mizima, kata shina na uning'inize kipande chake kwenye glasi ya maji safi. Uzi wa rangi ya maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, dalili ni ya mnyauko wa bakteria. Ikiwa hakuna chochote na udongo ni mkavu, basi mwenye kusema ukame yuko sahihi.

Watu huuliza pia kama mbawakawa hubeba magonjwa. Jibu linategemea ni mbawakawa yupi na zao gani. Amerika ya Kaskazini, mbawakawa wa matango wenye mistari hubeba bakteria *Erwinia tracheiphila*, ambaye huingia kupitia majeraha ya majani na kuua mmea kwa mnyauko. Huko mdudu mmoja mwenye bakteria ana hatari kuliko kumi wasio nao. *Ootheca mutabilis* hueneza kirusi cha batobato ya kunde, na mbawakawa wadogo wa bamia wa jenasi *Podagrica* hueneza kirusi cha batobato ya bamia. Kuuma kwenyewe hakuleti ugonjwa. Lazima kirusi au bakteria awepo kwanza kwenye mmea mwingine jirani, mdudu amchukue huko. Ndiyo maana kung'oa mapema mmea wenye batobato kuna faida hata pale ambapo wadudu hawajaisha.

Nimetaja mbawakawa wa bamia, basi niwataje na wale warukao kama viroboto ambao hutoboa kabichi, figili na mboga nyingine za jamii hiyo. Ni wadogo sana, milimita 2 hadi 3, na miguu yao ya nyuma ni minene kwa ajili ya kuruka. Huacha vitundu vidogo vingi, jani likaonekana limechomwa kwa sindano. Nao huvutwa na kile kile kinachopaswa kuwafukuza, yaani ukali wa mimea ya jamii ya haradali. Nao pia humaliza miche na kushindwa na mimea mikubwa.

Kupambana naye kwa kufuata maisha yake

Ukishajua kwamba siku za hatari ni za mwanzo na kwamba utoto wake uko ardhini, hatua za kuchukua zinajipanga zenyewe.

Kinga bora ya miche ni chandarua. Wavu wenye matundu madogo kuliko mdudu, uliofunikwa tangu siku ya kupanda na kufukiwa kingo zake kwa udongo, humzuia kabisa mbawakawa anayeruka kutoka nje. Lakini kuna sharti ambalo wengi hulisahau: usiweke chandarua mahali palipokuwa na mazao ya jamii ya maboga msimu uliopita. Pupa waliobaki ardhini watatoka ndani ya wavu na kula miche kwa raha, bila hata ndege wa kuwasumbua. Chandarua kiondolewe maua ya kike yanapoanza, kwa sababu nyuki lazima waingie. Wasio na wavu wanaweza kukuza miche kwenye kitalu kilichofunikwa na kuihamishia shambani ikiwa na majani halisi, ingawa jamii hii haipendi mizizi yake kusumbuliwa, hivyo ni vizuri kila mche uwe na kikopo chake.

Kwa bustani ndogo, kuokota kwa mkono kunafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Siri yake ni saa. Alfajiri na mapema asubuhi, baridi ikiwa bado, mbawakawa hawa ni wazito na hawaruki haraka. Weka chombo chenye maji ya sabuni chini ya jani na uwapukutishe humo. Ukienda saa sita mchana utawafukuza tu wahamie shina la jirani. Kila jike unayemkamata kabla hajataga ni mamia ya lava ambao hawatakuwepo, kwa hiyo kazi ya wiki ya kwanza ina thamani kuliko ya mwezi mzima baadaye.

Majivu je? Watu wameyatumia tangu zamani, na si ushirikina. Jani lililopakwa vumbi jembamba la majivu humsumbua mdudu, na miche iliyonyunyiziwa huliwa kidogo zaidi. Ila mvua moja au umwagiliaji wa juu huyaondoa, majani mapya huota bila majivu, na yakizidi huziba jani lisipate mwanga. Ni msaada wa siku chache kwa miche, hauwezi kubeba msimu mzima. Mwarobaini nao hupunguza hamu ya kula na huvuruga ukuaji wa wadudu, lakini huvunjwa na jua baada ya siku chache, hivyo hunyunyizwa jioni na kurudiwa.

Kuhusu dawa za dukani, sisemi zisitumike. Miche ikiwa inaliwa kwa kasi na hakuna wavu wala mikono ya kutosha, dawa iliyosajiliwa kwa zao hilo, kwa kipimo cha lebo, inaweza kuokoa shamba. Ninachosisitiza ni wakati. Mazao haya karibu yote yana maua ya kiume na ya kike yaliyotengana, na chavua yao ni nzito na inanata, haipeperuki. Bila nyuki tunda halitungi, isipokuwa aina chache za matango zilizozalishwa zisihitaji uchavushaji. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana kuisha, siku hiyo moja tu. Dawa ikipigwa asubuhi hiyo, nyuki wanakufa au wanalikwepa shamba, na maua ya siku hiyo yamepotea. Matango yaliyopinda na kusinyaa upande mmoja, na maboga machanga yanayogeuka manjano na kudondoka, mara nyingi yanadai nyuki, si dawa zaidi. Ikilazimu kupiga wakati wa maua, iwe jioni, maua yamefunga. Na kwa kuwa matango huvunwa kila baada ya siku chache, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zizingatiwe kabla mtu hajapeleka tunda mdomoni kwa mwenzake.

Kurudia dawa ileile kila wiki kuna hatari nyingine. Mbawakawa wa viazi wa Colorado, wa familia hiihii, ameshajenga ukinzani dhidi ya viambato zaidi ya 50 vya sumu. Hakuna dawa iliyoharibika. Waliokuwa dhaifu walikufa, wachache waliohimili wakazaa, na watoto wao wakarithi uhimilivu huo. Kuongeza kipimo huharakisha jambo hilohilo.

Kumwaga sumu kwenye udongo kwa ajili ya lava nisingeshauri kwenye bustani ya mboga. Udongo una njia nyingine. Hapa ndipo ule uchaguzi wake wa chakula unapomponza. Lava wa mbawakawa wa maboga aliyeanguliwa kwenye mizizi ya mahindi au vitunguu hana cha kula, na hawezi kutembea mbali. Kutopanda jamii ya maboga mahali pamoja misimu mfululizo hukata mnyororo. Kubadilisha tango kwa tikiti si kubadilisha, kwani kwake ni meza ileile. Lakini tusidanganyane: mzunguko wa mazao unawapunguza wanaozaliwa shambani mwako tu, kwa kuwa mdudu mzima huruka na anaweza kutoka shamba la jirani. Majirani wakipanga pamoja wapi jamii ya maboga ipandwe mwaka huu, faida ni kubwa kuliko ya mmoja kuhangaika peke yake.

Baada ya mavuno ya mwisho kuna kazi ambayo huachwa kwa uchovu. Mimea ya zamani iliyobaki imesimama, yenye majani mabovu na matunda yaliyooza, ndiyo inayolisha kizazi kitakachokuja kula miche ya msimu ujao. Ing'olewe na mizizi yake, ipelekwe mbali au ifukiwe kwenye shimo la mboji yenye joto. Kisha udongo ulimwe kwa kina cha sentimita 15 hadi 25, mahali pupa wanapokaa, na uachwe wazi ukauke. Jua huwakausha, na kuku au ndege wa porini watawaokota waliofunuliwa. Matunda ya msimu unaofuata yawekewe majani makavu chini yake, au mimea ipandishwe kwenye fito, ili lava waliobaki wasiyafikie kutoka kwenye udongo.